Mwaka Niliofukia Mashimo ya Mbeyu

Nilifika Mackinnon Road siku nne baada ya Mbeyu kuzikwa. Nilikuwa na jambo moja la kumwambia, jambo fupi, lingechukua dakika moja hata kwa mtu anayesema polepole kama mimi nilivyo sasa, nami nilichelewa siku nne juu ya miaka zaidi ya sitini. Kwa miaka ishirini ya mwisho nilijua alipo. Nilijua nyumba yake iko upande gani wa reli. Kila mwaka nilisema nitakwenda baada ya Ramadhani, kisha baada ya mvua, kisha goti likaanza kuuma na goti likawa sababu nzuri. Habari ya kifo chake niliipata kwa simu kutoka kwa mjukuu wa shangazi yangu, aliyeitaja katikati ya habari nyingine, kama mtu anayetaja kwamba jirani amehama. Basi lilinishusha kando ya barabara kuu, kati ya malori yaliyoegeshwa, na mama mmoja mwenye mvi akaja kunipokea mkoba. Alikuwa Kadzo, binti wa Mbeyu. Alinisalimia shikamoo, akaniongoza kwenye uwanja uliokuwa bado na mikeka ya msiba, nami nikakaa juu ya mkeka wa watu waliofiwa, nikiwa na neno langu mdomoni kama punje ya mchanga.

Mwaka ninaousema ulikuwa katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Sitaeleza kwa nini nilitolewa Mombasa nikapelekwa kwa shangazi karibu na Msambweni; sababu zilikuwa za watu wazima, na walizizungumza nikiwa nje. Nakumbuka zaidi chumba nilichopewa, chumba cha ukuta wa udongo chenye harufu ya nazi kavu, na dirisha dogo lililoonyesha kilima. Juu ya kilima kile wanawake wa nyumba tano walikuwa na bustani yao ya pamoja. Haikuwa na jina. Walisema tu Juu. “Leo tunakwenda Juu.” “Kunde za Juu zimeanza maua.” Njia ya kwenda huko ilipita kwenye vichaka, ikapanda hadi mtu akahema, kisha ghafla kukawa na uwanda, matuta ya mihogo na kunde, safu ndefu ya mbaazi, kibanda cha makuti cha kupikia, na mbali huko chini mstari mwembamba wa bahari ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na wakati wa kuutazama.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa Juu kilikuwa kimya. Hapo zamani watu walikaa kileleni pale, na mawe ya makaburi yao yalikuwa yamezama kati ya matuta hadi yakabaki migongo tu, kama kobe waliolala. Wanawake waliwaita watu wale “wenyewe”. Mtu akicheka kwa nguvu, mwenzake humgusa bega na kusema, “Wenyewe wanasikia.” Kwa hiyo kule Juu watu walizungumza kwa sauti ya chini kabisa, maneno yakitoka nusu na nusu yakibaki kooni, tena kwa Kidigo, lugha ambayo mimi mtoto wa mjini niliifahamu kama mtu anayesikiliza kupitia ukuta. Nilipouliza mara ya kwanza kwa sauti yangu ya shuleni maji yako wapi, Bi Mgeni, jirani ya shangazi, mwanamke mnene mwenye ulimi wa pilipili, alinitazama akasema, “Taratibu, mwanangu. Umekuja kulima au umekuja kuadhini?” Wote wakacheka kwa mabega, bila sauti. Nimeishi na watu wengi tangu siku ile, lakini kicheko kile kisicho na sauti ndicho kinachonirudia mara kwa mara, mabega yanayotikisika na midomo iliyofungwa, kati ya mawe yale.

Kitu cha pili nilichofundishwa kilikuwa namna ya kupanda. Kule Juu hakuna aliyepanda peke yake. Mmoja anashika jembe anachimba shimo, mwenzake anakuja nyuma na kifuu cha mbegu, anatia mbili au tatu, anafukia kwa unyayo. Aliyechimba hafukii. Shangazi alinieleza kwamba mtu anayechimba kisha akafukia mwenyewe anazika, hapandi, na ardhi ya pale, ikiwa imeshazoea kupokea watu, haiwezi kujua tofauti. Kila mwanamke alikuwa na mwenziwe wa tuta. Mimi nilipewa Mbeyu kwa sababu sote wawili tulikuwa wageni. “Mgeni amfukie mgeni,” alisema Bi Mgeni, “na mimi mwenye jina nitawasimamia.”

Mbeyu alikuwa na miaka kama ishirini. Mumewe, Juma, aliyekuwa kibarua wa reli, alimwoa huko Mackinnon Road, akamleta kwa mama yake, Bi Mwanaidi, kisha akarudi kazini. Watu wa kwao walimpa jina ambalo kwa lugha yao ni mbegu, na wanawake walilichezea jina hilo kila tulipopanda: “Zuhura, angalia usimfukie mwenyewe.” Alicheka pamoja nao. Alichimba haraka na kwa mpangilio, shimo baada ya shimo, nami nikimfuata na kifuu changu, unyayo wangu ukikanyaga udongo uliokuwa bado na joto la jembe lake. Tulipofika mwisho wa tuta alikuwa akinyoosha mgongo na kuniuliza neno moja la Mombasa. Feri ikoje. Je, kweli kuna nyumba juu ya nyumba. Mimi nilimweleza, naye akasikiliza kama mtu anayepokea chakula. Sijapata tena msikilizaji wa namna ile. Nilimpenda, na nalisema hili kwa sababu msomaji anaweza kudhani baadaye kwamba sikumpenda.

Adhuhuri tulikula kibandani, sote kwenye kombe moja: sima, mchicha wa nazi, siku nyingine ng'onda, samaki mkavu. Siku moja chungu kilikuwa kikichemka na kumwaga, na Mbeyu alinyoosha mkono wa kushoto akakishika ukingo, akakishusha kutoka kwenye mafiga, akakiweka chini taratibu. Hakutumia kitambaa. Hakupuliza vidole. Wanawake walinyamaza, si kimya cha kawaida cha Juu bali kimya kingine, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ngozi ya mkono ule, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, ilikuwa na baka jeupe, laini, linalong'aa. Shangazi alisema, “Haya, kuleni,” tukala.

Siku ile ile alasiri nilikuwa nimechuchumaa upande mmoja wa mbaazi nikichuma, na upande wa pili shangazi na Bi Mgeni walikuwa wakichuma pia, bila kujua kwamba nipo. Mazungumzo yao nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu nimeyarudia maisha yangu yote.

“Umeuona ule mkono?” alisema Bi Mgeni.

“Nimeuona. Na usingizini hulia, Bi Mwanaidi kaniambia. Anaita watu wa kwao.”

“Basi ndiyo hiyo.”

“Ndiyo. Yule mtoto ana koma,” alisema shangazi.

“Apelekwe.”

“Apelekwe mapema, kabla tumbo halijawa kubwa.”

Ndivyo nilivyojua kwamba Mbeyu ni mjamzito, lakini hilo lilinipita. Nililosikia ni jambo jingine. Mombasa mwalimu aliwahi kutundika picha ukutani, picha ya mkono wenye baka jeupe, akatufundisha dalili: baka, na kutosikia moto. Akatufundisha na jina, nasi tukalisema kwa pamoja, darasa zima. Katika lugha yangu neno alilosema shangazi halikuwapo. Lililokuwapo lilikuwa lile la picha, nami nikadhani wamelimeza mwanzo wake tu, kama walivyomeza kila kitu kule Juu. Na hilo “apelekwe” lilikamilisha yote, kwa sababu nilijua kwamba wenye ugonjwa ule hupelekwa mahali pao wakakaa huko.

Siku tatu sikula kwenye kombe. Nilisema tumbo linauma, nikala muhogo wangu pembeni. Siku ya nne Bi Mwanaidi, mama mkwe wa Mbeyu, alikuja akakaa karibu nami. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye adabu nyingi, aliyependa kujua. “Mwanangu,” alisema, “mtu akila peke yake ana kisa. Nani kakuudhi?” Nilimwambia hakuna. Akaniuliza tena, kwa upole, na upole ule ndio ulionishinda. Nikamwambia naogopa. “Unaogopa nini?” Nikasema Mbeyu ana ukoma, shangazi kasema. Nililitamka vizuri, kwa sauti ya darasani, kwa herufi zake zote.

Bi Mwanaidi hakushtuka. Alifunga tu macho kidogo, kama mtu aliyeingiwa na moshi, akasema, “Ahsante, mwanangu,” akaondoka. Hakwenda kumuuliza shangazi. Nimefikiri sana kwa nini, na nadhani ilikuwa aibu. Huwezi kumwendea mwanamke mwenye heshima zake na kumwuliza kama amemsema mkaza mwanao kwa neno ambalo watu hata hawalitaji. Walilisemea pembeni. Kwa siku chache tu kila nyumba ikawa inasema “ule ugonjwa”, na hakuna aliyesema “ule” upi. Kule Juu Mbeyu akachotewa sima yake kwenye kata. Mwanasha, binti ya Bi Mgeni, msichana wa umri wangu aliyekuwa akituletea maji, alianza kumwekea mtungi wake mbali na mingine. Hakuna aliyemtukana. Walimwambia, “Pumzika, mwenzetu, una mzigo,” wakionyesha tumbo lake, naye akakaa kwenye jiwe la mwenyewe mmoja na kututazama tukilima.

Ukweli niliupata wiki ya pili, mchana, nyumbani, shangazi akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ikitoka pamoja na chicha. “Mtoto ana koma tu,” alisema, zaidi kwa nazi kuliko kwangu. “Angepelekwa kwao, wakatambika, akarudi na mkono wake na mimba yake. Sasa wameshamfanya mgonjwa.”

“Shangazi,” nilisema, “koma ni nini?”

Alinitazama kama mtu anayekumbuka kwamba mgeni ni mgeni. “Ni wazee wa mtu waliotangulia. Wakikusahau unaishi tu. Wakikukumbuka wanakuita, na sehemu moja ya mwili wako inaanza kuwasikiliza wao. Ndiyo maana hakusikia moto. Si ugonjwa. Wengine huona ni heshima.” Akakuna kidogo, kisha akaacha. “Ninachotaka kujua ni nani aliyelianzisha hili neno jingine. Wewe uko nao siku nzima. Ulimsikia nani?”

Nazi ilikuwa imebaki nusu mkononi mwake. Nakumbuka kuku mmoja aliyesimama mlangoni na mguu mmoja juu. Ningeweza kusema pale pale. Shangazi angefunga kanga yake, angekwenda kwa Bi Mwanaidi, wangecheka, mimi ningekuwa kichekesho cha kijiji mwezi mzima, mtoto wa Mombasa asiyejua Kidigo, na Mbeyu angerudi kwenye kombe. Hicho tu ndicho ningelipa, mabega yanayotikisika. Nikasema, “Sijui, shangazi.”

Wiki iliyofuata ilikuwa na siku za mwisho za kupanda kunde za mvua za vuli. Tulipanda wawili wawili, na tuta la Mbeyu likabaki tupu katikati ya matuta mengine. Alipoona jua linapita, aliinuka kutoka kwenye jiwe lake, akachukua jembe, akaanza kuchimba. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, kifuu cha mbegu mkononi. Mashimo yake yalikuwa kama siku zote, yamenyooka, umbali sawa. Alipofika mwisho wa mstari aligeuka akaniangalia.

“Zuhura,” alisema, “njoo ufukie.”

Wanawake wote waliacha kazi. Sikuinua mguu. Nilikuwa najua, na ndilo jambo ambalo sijaweza kulizunguka. Siku zile za kwanza niliogopa ugonjwa, na mtoto anaruhusiwa kuogopa. Lakini siku ile nilijua kwamba hakuna ugonjwa, na nilisimama pale kwa sababu kama ningemwendea wangeniuliza umejuaje.

Mbeyu alingoja. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akauonyesha kwetu sote kama mtu anayeonyesha kitambaa, akasema kwa sauti ambayo Juu haijawahi kuisikia, sauti ya kawaida tu, ya mtu anayezungumza uwanjani kwao: “Huu ni moto wa utotoni. Nilianguka kwenye majivu nikiwa natambaa. Nimemwambia mume wangu, nimemwambia mama mkwe. Haujasikia kitu tangu siku hiyo. Hakuna kingine.” Bi Mgeni alitazama chini. Mbeyu akaja hadi niliposimama, akachukua kifuu kutoka mkononi mwangu bila kunigusa, kwa uangalifu, kama kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akarudi mwanzo wa tuta lake, akatia mbegu, akafukia kwa unyayo wake mwenyewe, shimo baada ya shimo, hadi mwisho. Nilimsikia shangazi nyuma yangu akisema taratibu, “Ya Rabi.”

Juma alikuja siku ya Ijumaa, akamchukua. Mbeyu alipita mbele ya dirisha langu na kisanduku chake kichwani, mumewe mbele, na hakugeuka. Walisema anapelekwa kwao kujifungua. Juma alirudi kazini, baadaye akaoa Ukunda, na nyumba ya Bi Mwanaidi haikumtaja Mbeyu tena. Lakini kunde zake ziliota. Ziliota kuliko zetu zote, zikafunika tuta, zikatambaa hadi kwenye mawe, zikazaa. Hakuna mtu aliyezichuma. Zilikaukia pale, na siku za jua kali, tukiwa tumeinama kwa kimya chetu, maganda yalikuwa yakipasuka moja moja, pa, kisha kimya, kisha pa, na kila mmoja wetu alijua ni tuta gani bila kuinua kichwa. Mwisho wa mwaka nilirudishwa Mombasa. Baadaye niliambiwa kwamba wanawake waliacha kupanda Juu mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo nilipokaa kwenye mkeka wa Kadzo. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na kabla sijafungua mdomo alinisimulia mwenyewe. Mama yake alimwambia kwamba alipokuwa pwani wazee wake walimkumbuka. Walimwita kwa nguvu, hadi mkono wake haukusikia moto, na watu wa kule wakalitambua jambo hilo. “Alisema walikuwa watu wenye adabu sana,” alisema Kadzo. “Walimpa chakula chake kando, hawakumwacha ashike jembe, walimheshimu kwa ajili ya koma zake mpaka alipokuja kunizaa hapa. Kila mwaka alikuwa akiwatambikia. Hata mwaka huu.”

Sijui kama Mbeyu aliamini hivyo au aliutengeneza ule mkono upya kwa ajili ya mtoto. Najua kwamba mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilikuwa nimenyamaza mara moja na nikatoka na somo la kutonyamaza tena, somo ambalo hapa halikuwa mahali pake. Nikamwambia Kadzo yote, mbaazi, kombe, nazi, hatua nne. Alisikiliza kama mama yake, kichwa kimeinama. Mikono yake iliendelea kuchambua, kisha ikaacha.

“Hili ulikuwa umemletea yeye,” alisema.

“Ndiyo, mwanangu.”

“Sasa mbona unaniachia mimi?” Hakuwa na hasira. Aliweka ungo chini. “Miaka yangu yote mama yangu aliitwa. Leo unaniambia alifukuzwa. Mama, nakuheshimu, lakini usiliseme hapa. Kaliseme kule lilikosemwa.”

Nikaenda. Nilikwenda Msambweni wiki ile ile, na goti langu. Shangazi hayupo, Bi Mgeni hayupo, Bi Mwanaidi hayupo. Kilima kina ua wa mtu na njia imefunikwa. Nilipita nyumba baada ya nyumba, na watoto wa wale wanawake, wenyewe sasa wenye wajukuu, walinikaribisha kwa chai na kunijibu kwa heshima kwamba hawamjui Mbeyu yeyote. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mwanasha. Alikuwa amekaa barazani, mdogo kama kifurushi, na mjukuu wake akaniambia niinue sauti kwa sababu masikio yamekwisha.

“Shoga,” alisema aliponitambua, akanishika mikono yote miwili, “umezeeka vibaya.”

“Na wewe uko vile vile,” nilisema, naye akacheka, kwa mabega.

Nilimwuliza kama anamkumbuka Mbeyu, mke wa Juma wa Bi Mwanaidi, aliyelima Juu. Uso wake ukafunguka. Hatimaye mtu mmoja.

“Namkumbuka,” alisema. “Maskini. Yule mwenye ukoma.”

Niliinama hadi mdomo wangu ukagusa sikio lake. “Hakuwa na ukoma, Mwanasha. Ilikuwa koma. Mimi ndiye niliyesema vibaya. Koma.”

Alinipigapiga mkono, polepole, kama mtu anayemtuliza mgeni aliyetoka mbali.

“Ndiyo, shoga,” alisema. “Ndivyo ninavyosema. Ukoma.”